Alianguka jana akaamka akacheka, leo anatapika na kusinzia: nisubiri mpaka jioni?

Swali nimeletewa na dada mmoja, nimelifupisha kidogo tu: "Daktari habari za kazi. Jana jioni mida ya saa 12 mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi akateleza akaangukia sakafu ya simenti, akajigonga kichwa upande wa kulia juu ya sikio. Alizimia kama dakika moja hivi afu akaamka akawa anatucheka tulivyoshtuka. Tukampeleka kituo cha jirani wakamshona nyuzi 4, wakampiga eksirei ya kichwa wakasema mfupa hauna shida. Tumerudi nyumbani kala vizuri kaangalia mpira. Usiku bibi akasema asilale kabisa, tukabishana, mwisho akalala. Asubuhi hii kaamka kichwa kinamuuma kuliko jana, katapika mara mbili, na nikimwongelesha anajibu ila anarudi kulala. Mama anasema ni uchovu na zile dawa za maumivu, tusubiri mpaka jioni. Nisubiri? Na bibi alikuwa sahihi kuhusu kulala?"

Dada yangu, usisubiri jioni, usisubiri hata nusu saa. Mpeleke sa hivi, na sio kile kituo cha jana, mpeleke hospitali yenye emajensi na mashine ya CT scan, ile inayoonyesha damu ya ndani ya kichwa, na kama hiyo iko mbali sana basi hospitali kubwa iliyo karibu nanyi kuliko zote, wao watampa rufaa na atasafiri akiwa na mtu anayejua kumwangalia. Ambulansi ikipatikana haraka ni bora zaidi maana akibadilika njiani wana oksijeni na wana mikono iliyozoea, lakini kama kuipata ni kusubiri saa nzima chukua gari lolote. Asiendeshe mwenyewe, asipande pikipiki, na asiachwe peke yake kwenye kiti cha nyuma, mtu akae naye amwangalie usoni njia nzima. Usimpe chakula wala kinywaji kwa sababu anaweza kuhitaji kulazwa usingizi wa upasuaji leo hii, na usimuongezee dawa yoyote ya maumivu. Akitaka kutapika mgeuze ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa shingo na mgongo viende mstari mmoja, kwa sababu aliyeanguka toka juu na kujigonga kichwa anaweza kuwa ameumia na shingo bila kujua.

Ukifika mapokezi usiseme "mgonjwa anaumwa kichwa". Watu wanaoumwa kichwa wamejaa kwenye foleni. Sema hivi: ameanguka kutoka kwenye ngazi jana saa 12 jioni, alizimia dakika moja, alikuwa sawa usiku, leo ametapika mara mbili, kichwa kimezidi na anasinzia. Sentensi hiyo ikimfikia nesi wa mapokezi anayejua kazi yake hataenda kukuandikia kadi ya kawaida, atainuka. Asipoinuka irudie kwa mtu mwingine, bila kugombana, lakini irudie, na akizidi kusinzia mkiwa kwenye foleni nenda kawaambie tena hapo hapo kwamba amebadilika.

Haya mengine soma ukiwa umeshakaa kwenye benchi.

Kilichonitisha kwenye maelezo yako sio kuanguka kwenyewe, wala sio ile dakika moja ya kuzimia. Ni kwamba alikuwa sawa halafu hayuko sawa. Mtu aliyegongwa kichwa anatakiwa kila saa inayopita awe afadhali kidogo kuliko saa iliyopita, au basi abaki pale pale. Akianza kurudi nyuma, hata kama kurudi kwenyewe ni kudogo, hata kama bado anajibu na anajua jina lake, hapo kuna kitu kinaendelea ndani na hakitasubiri mama amalize kusema ni uchovu. Mimi nimefanya kazi emajensi miaka mingi na nakwambia swali ninalojiuliza nikimwona mgonjwa wa kichwa sio "yuko vipi?", ni "anaelekea wapi?"

Fuvu la mtu mzima ni kama sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake kuna vitu vitatu, ubongo, damu iliyo kwenye mishipa, na yale maji yanayouzunguka ubongo. Damu ikianza kuvuja ikakusanyika ndani, mwanzoni mwili unajitahidi, unasukuma maji kidogo yashuke kwenye uti wa mgongo, unapunguza damu ya kwenye vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni, nafasi inapatikana, na mgonjwa anaonekana mzima kabisa, anakula, anaangalia mpira. Sasa ile nafasi ikishaisha, tone dogo tu la ziada linapandisha presha ndani ya fuvu kwa kasi, na ubongo unaanza kusukumwa kuelekea kwenye tundu la chini ambako ndiko kuna sehemu inayoendesha pumzi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa sawa masaa kadhaa halafu akabadilika ndani ya dakika chache, sio kwamba ugonjwa umeanza muda huo, ulianza alipogonga chini, ila sanduku lilikuwa bado lina nafasi.

Na umesema alijigonga juu ya sikio. Pale kwenye panja, pembeni ya kichwa kati ya jicho na sikio, mfupa ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za fuvu, na kwa ndani yake kuna ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inapita imeshikana na ule mfupa. Mfupa ukipata ufa hata mdogo ateri inaweza kuchanika ikaanza kumwaga damu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Hiyo ndiyo aina ya damu inayojulikana kwa tabia ya kumpa mgonjwa muda wa kuwa sawa katikati: anazimia, anaamka, anaongea vizuri, anacheka, halafu anaanza kusinzia. Siwezi kukwambia kwamba mdogo wako ana hiyo, bila kipimo hakuna anayeweza kusema, inaweza kuwa damu ya aina nyingine au ubongo wenyewe kuvimba au mtikisiko tu uliompiga vibaya. Lakini hadithi yake inafanana nayo vya kutosha kabisa kunifanya niache chai yangu nikuandikie.

Wengi mtamkumbuka Natasha Richardson, mwigizaji wa Uingereza. Tarehe 16 Machi 2009 alikuwa anajifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont Tremblant, Kanada, akaanguka, anguko ambalo halikuonekana kubwa. Akasema yuko sawa, akawa anaongea vizuri, ambulansi ya kwanza iliyofika ikaambiwa haihitajiki. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma sana akapelekwa hospitali, na tarehe 18 akafariki akiwa na miaka 45. Uchunguzi ulikuta ni hiyo hiyo damu ya kati ya fuvu na utando. Simtaji kukutisha dada, namtaja kwa sababu kila familia inayochelewa inasema neno lile lile, alikuwa anaongea vizuri tu. Ndiyo, anaongea vizuri, ndivyo inavyokuwa mwanzoni.

Sasa la eksirei, maana hili ndilo linalowapa watu moyo wa uongo kuliko yote. Eksirei inaonyesha mfupa. Haionyeshi ubongo, haionyeshi damu iliyovilia ndani. Unaweza kuwa na mfupa mzima kabisa na damu inajaa, na unaweza ukawa na ufa na ndani hamna shida yoyote. Hawa wa jana waliomshona hawakukosea kumshona, wala sitaki umwendee mtu kwa hasira, mgonjwa aliyewafikia jana alikuwa anacheka, ila mtu aliyezimia dakika moja baada ya kuanguka toka kwenye ngazi alipaswa kurudi nyumbani na karatasi ya dalili za hatari mkononi, na nyinyi mlipaswa kuambiwa mkiona hili na hili rudini usiku huo huo. Damu ya ndani tunaiona kwa CT scan, kipimo chenyewe ni cha dakika chache tu mgonjwa kalala kwenye mashine. Kuna kanuni ya madaktari wa Kanada iliyochapishwa mwaka 2001 inayotumika sehemu nyingi duniani kuamua ni nani apigwe CT kati ya watu walioumia kichwa kidogo wakazimia au kuchanganyikiwa, na mmoja wapo wa wale wa hatari ya juu ni mtu mzima aliyetapika mara mbili au zaidi. Mdogo wako keshafika hapo. Sio mara kumi, ni mbili tu.

Kuhusu dawa alizopewa, mama anasema ndizo zinamlaza. Inawezekana kweli, zipo dawa za maumivu zinazolaza mtu, na hiyo ndiyo sababu nyingine hatupendi kumpa mgonjwa wa kichwa dawa kali ya kulewesha, inatuchanganya, hatujui anayelala ni dawa au ni ubongo. Lakini wewe nyumbani huna namna ya kutofautisha, kwa hiyo usijaribu. Beba hiyo bahasha ya dawa uende nayo. Nyumbani paracetamol kwa kipimo cha kawaida inaruhusiwa baada ya kuumia kichwa, ila aspirini, ibuprofen, diclofenac na ndugu zao ziacheni siku ya kwanza na ya pili isipokuwa daktari kasema, kwa sababu zinapunguza uwezo wa damu kuganda na sisi tunataka igande. Na kama paracetamol imemezwa na kichwa kinazidi tu kupanda, kupanda huko ndiko dalili yenyewe, usibadilishe kidonge, badilisha mahali, nenda hospitali.

Bibi sasa. Bibi hakukosea sana na nyinyi hamkukosea sana. Usingizi haumuui mtu aliyegongwa kichwa, ubongo ulioumia unahitaji kulala ili upone, na kumkesha mtu kwa makofi na maji baridi usiku kucha ni kumtesa, tena asubuhi ataamka hoi na mtashindwa kujua hoi hiyo imetoka wapi. Ila hofu ya bibi ina mzizi wake. Mtu anayezama kwenye koma na mtu aliyelala usingizi mzuri ukiwatazama kutoka mlangoni wanafanana, wote wamefumba macho wote wanapumua, na watu wengi wa zamani walilaza ndugu yao wakamkuta asubuhi hakuamka, wakasema usingizi ndio uliomuua. Kilichomuua ni damu, usingizi uliificha tu. Kwa hiyo alale, lakini aamshwe. Mimi huwa nawaambia ndugu, usiku wa kwanza kila masaa mawili hivi mwamshe, na kumwamsha sio kumgusa bega akasema "mmh" ukaondoka. Aamke afungue macho, akwambie yuko wapi, wewe ni nani, akubane vidole kwa mikono yote miwili uone nguvu ziko sawa, afu arudi kulala. Kama haamki kama anavyoamkaga siku zote, au anaamka anaongea vitu visivyoeleweka, au anakoroma kwa namna ambayo hajawahi kukoroma, hiyo safari imeiva. Na mchana hivyo hivyo: mtu anayesinzia sinzia saa 2 asubuhi baada ya kulala usiku mzima huyo hana usingizi, huyo fahamu zinashuka.

Hizo fahamu sisi tunazipima kwa namba, kwa kipimo kilichotengenezwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow, Scotland, mwaka 1974 na mpaka leo ndicho kinachotumika wodini. Unatazama vitu vitatu, macho yanafunguka kwa nini, anajibu vipi, anasogeza mwili vipi, jumla ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Uzuri wake sio ile namba moja. Namba moja haina maana kubwa. Uzuri wake ni kwamba nesi wa saa 4 na nesi wa saa 5 wanaandika kwenye karatasi moja, na 15 ikiwa 14 halafu 13 watu wanaanza kukimbia hata kama mgonjwa mwenyewe anasema hajambo.

Na hili unaweza kulifanya nyumbani bila kujua namba yoyote. Nakumbuka baba mmoja alikuja usiku na binti yake wa miaka 14, aligongwa kichwani na bembea la chuma jioni. Mkononi ana ukurasa kauchana kwenye daftari la shule la yule mtoto, kaandika kwa penseli: saa 1 na nusu, kataja siku na tarehe. Saa 2 na nusu, kataja siku, tarehe kafikiria sana. Saa 3, kauliza mama yuko wapi, nimemjibu. Saa 3 na robo, kauliza tena. Saa 3 na nusu, kauliza tena. Saa 4 kasoro, kaniita mjomba. Basi, mstari wa mwisho ni huo, akabeba mtoto. Nilipompima mimi fahamu za binti zilikuwa 14 kati ya 15, anafungua macho mwenyewe, anafanya kila nilichomwambia, anachanganya maneno kidogo tu, na usiku ule tulikuwa tumezidiwa, kusema kweli bila ile karatasi ningemweka pembeni nimwangalie kwanza. Ile karatasi ndiyo iliniambia kwamba huyu hajasimama kwenye 14, huyu anapita hapo akielekea chini. CT ikakuta damu upande wa kushoto, akaingizwa chumba cha upasuaji usiku ule ule, na siku ya kuruhusiwa alitoka wodini kwa miguu yake akimkosoa baba yake hesabu ya nauli. Kwa hiyo ukiwa hapo kwenye benchi tafuta karatasi, au andika kwenye simu, saa na alichofanya. Saa ngapi alitapika, saa ngapi alianza kusinzia. Daktari atakuuliza, na mtu akiwa na wasiwasi masaa yanachanganyikana.

Dalili nyingine ambazo hukuzitaja lakini zikitokea uwaambie mara moja: kutetemeka mwili kama kifafa, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au kufa ganzi, mdomo kwenda upande, maneno kuwa mazito kama mlevi, kuona vitu viwili viwili, kupepesuka. Maji maji mepesi kama maji safi, au damu, yanayotoka puani au sikioni, hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo yanavuja kwa sababu mfupa wa chini ya fuvu umepasuka, usizibe kwa pamba na asipenge kamasi, mfute kwa nje tu. Weusi unaotokea kuzunguka macho yote mawili wakati hakugongwa usoni, au nyuma ya sikio, nao ni habari ya mfupa huo huo, na huo weusi mara nyingi hautokei siku ile ile, unakuja kesho yake au keshokutwa, watu wanadhani ni damu ya jeraha imeshuka tu. Na kubadilika tabia. Mtu mpole ghafla anatukana, ananyanyuka anataka kuondoka, anavua nguo, anamsukuma nesi. Ndugu wanaona aibu wanamgombeza, kumbe ubongo unabanwa. Mkiona hivyo msimfunge mikono mkangoja atulie, akitulia ghafla ndipo pabaya zaidi.

La mboni za macho naliweka peke yake kwa sababu watu wengi wameliona kwenye video, wanamulika macho kwa tochi ya simu, mboni zote ziko sawa zinasinyaa vizuri, wanasema basi yuko salama turudi kulala. Hapana jamani. Mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine inatokea wakati ubongo umeshasukumwa mpaka unaukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho, hiyo ni dalili ya kuchelewa, ukiiona dakika zinahesabika. Mboni zikiwa sawa hazikupi ruhusa ya kukaa nyumbani na mtu anayetapika.

Kuna watu ambao kwao mimi sisubiri hata dalili. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarin, rivaroxaban, apixaban na nyingine za namna hiyo, akigonga kichwa aende akaangaliwe hata kama anajiona mzima, na anayetumia clopidogrel namuweka humo humo. Wazee wa miaka 65 kwenda juu pia kwenye ile kanuni ya Kanada wako kundi la hatari ya juu kwa umri wao tu. Ubongo ukizeeka unasinyaa kidogo, vile vivena vinavyotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando vinabaki vimevutika kama uzi uliokazwa, kugonga kidogo kwenye mlango vinakatika. Na kwa kuwa sanduku la mzee lina nafasi zaidi, damu inaweza kujaa pole pole kwa wiki kadhaa. Niliwahi kuletewa mama mmoja mzee ambaye wiki tano nyuma alijigonga kwenye kabati la jikoni, hakuzimia, hakutapika, nundu ikaisha. Halafu akaanza kusahau sufuria motoni, akawa anavaa kandambili moja, anatembea akiegemea ukuta wa kushoto. Nyumbani wakasema uzee umeingia. Hakuna uzee unaoingia ndani ya wiki chache. Ilikuwa damu, ikatolewa, na akarudi kuvaa kandambili zote mbili. Mtu anayekunywa pombe sana naye mweke kundi hilo la wazee hata kama ana miaka 40, na ukimkuta amejigonga na ananuka pombe usiseme kalewa alale, pombe inafanana mno na kichwa kilichoumia, mchukulie kama kichwa kimeumia mpaka athibitishwe vingine.

Watoto wadogo ni somo refu, nitagusa tu. Mtoto mchanga hawezi kukwambia kichwa kinamuuma, atakwambia kwa kukataa kunyonya, kwa kulia kilio kisichobembelezeka, kwa kulegea na kutotaka kushika kitu, na utosi kujaa ukawa umevimba wakati amekaa na halii. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili nundu ya paji la uso peke yake huwa hainitishi sana, nundu laini ya pembeni au nyuma ya kichwa inanitisha, vile vile akianguka kutoka urefu wa zaidi ya mita moja hivi. Na mama akiniambia "daktari huyu hayuko kama mwanangu", hata asipojua kueleza vipi, mimi hilo naliandika kama dalili, na hata kanuni zilizotungwa kwa ajili ya watoto zimeliweka humo. Wa chini ya mwaka mmoja mpeleke tu akaangaliwe hata kwa nundu ndogo.

Tuseme sasa amepigwa CT na wamesema hakuna damu. Naomba iwe hivyo. Hapo atakuwa na mtikisiko wa ubongo, na mtikisiko una dalili zake ambazo sio za kukimbia nazo: kichwa kuuma kidogo kidogo kinachokuja na kuondoka na kutulia kwa paracetamol, kizunguzungu akisimama haraka, mwanga na makelele kumkera, kusahau alipoweka simu, kuchoka, hasira za karibu karibu. Tofauti yake na ya leo ni kwamba hizi zinapungua siku hadi siku. Watu wazima wengi wanakuwa wamepona ndani ya wiki mbili, watoto na vijana wadogo huenda mpaka mwezi. Siku ya kwanza na ya pili apumzike, simu na tivii apunguze, halafu aanze kurudi kwenye shughuli ndogo ndogo, kumfungia chumba chenye giza wiki nzima siku hizi hatushauri, kunachelewesha kupona. Asinywe pombe, asiendeshe chombo angalau siku ile na mpaka kichwa kiwe wazi kabisa, asipande ngazi nyingine, na kama anacheza mpira asirudi uwanjani mpaka dalili zote ziishe na aruhusiwe, ubongo ambao haujapona ukigongwa mara ya pili unaweza kuvimba vibaya sana kwa pigo ambalo siku nyingine lisingemfanya kitu.

Na hata kwa CT safi asiachwe peke yake masaa 24 ya kwanza, maana kuna wachache damu inaanza baadaye. Kabla hamjatoka omba wakuandikie dalili za kurudi nazo, kwa lugha unayoielewa wewe na mama, na namba ya kupiga usiku. Ibandike mlangoni kwake.

Mama mwambie simlaumu. Kusubiri mtu apumzike kwanza ni kitu ambacho wazazi wote wanakifanya na kwa magonjwa mengi kinafaa. Kama bado mko nyumbani mnajadili, acha kusoma, mvishe viatu, muda unaandikwa kuanzia saa 12 ya jana. Wakishampokea niandikie saa ngapi ameingia na CT imesemaje, nitakuwa naangalia simu.